Sura ya Sita: Miliampea Nne za Kwanza

Chukua jengo la ghorofa kumi. Chini kuna tangi la maji, pampu, na paneli yenye inveta ambayo kazi yake ni kuongeza na kupunguza kasi ya mota ili presha kwenye bomba kuu ibaki bar 6 usiku na mchana. Kioo cha inveta kinaonyesha bar 6 kamili. Namba imetulia, taa ya kijani inawaka, hakuna kengele. Huko ghorofa ya kumi mtu amejipaka sabuni mwili mzima na bomba la bafuni linatoa matone. Na geji ya sindano iliyofungwa kwenye bomba kuu hilohilo, hatua mbili kutoka kwenye pampu, inasoma bar tatu na nusu.

Msimamizi wa jengo anampigia fundi simu. "Fundi, mashine yenyewe mpya, mbona inatudanganya?"

"Usijali, mkuu. Hiyo ni PID tu, naja kuirekebisha."

Fundi anafika, anaingia kwenye menyu, anapandisha P, anapunguza muda wa I. Pampu inaanza kupanda na kushuka, mabomba yanagonga ukutani, msimamizi anakunja uso. Fundi anarudisha namba za zamani. Bar mbili na nusu zinazokosekana bado hazijaonekana, na hazitaonekana hata akikesha kwenye menyu ile, kwa sababu hazikupotelea huko.

Nimeanza na mfano huu kwa kuwa ni kosa ambalo fundi yeyote wa inveta atakutana nalo mapema. Watu huiogopa PID, kidhibiti cha ndani ya inveta kinachochagua kasi ya mota, kwa ajili ya hesabu zake. Lakini kwenye pampu za maji ni mara chache hesabu hizo huwa ndizo tatizo. Kinachoshinda wengi ni kuiambia mashine ukweli kuhusu waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye kihisi cha presha.

PID yenyewe ni kongwe. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha uchambuzi wa namna ya kuiongoza meli bila mkono wa mtu. Alizingatia namna washika usukani hodari wanavyofanya kazi: hawatazami tu meli imekengeuka kiasi gani sasa hivi, bali wanakumbuka imekuwa ikikengeuka kwa muda gani, na wanahisi inageuka kwa kasi gani. Majaribio yalifanyika kwenye manowari ya USS New Mexico. Miaka ishirini baadaye, 1942, John Ziegler na Nathaniel Nichols wa kampuni ya Taylor Instruments mjini Rochester walichapisha kanuni za kuchagua namba za kidhibiti cha aina hiyo, na kanuni zao zinafundishwa vyuoni hadi leo. P inajibu tofauti iliyopo. I inajumlisha tofauti zilizopita, ndiyo maana hairuhusu upungufu mdogo ukae milele. D inaangalia tofauti inaelekea wapi. Kwenye pampu za maji D kwa kawaida huachwa sifuri, na sitairudia tena katika sura hii.

Inveta inachukua kiwango lengwa, yaani bar 6 ulizoandika wewe, inatoa humo mrejesho kutoka kwa kihisi, na kinachobaki inakigeuza kuwa kasi ya mota. Basi. Haijui maji wala bar, na ghorofa ya kumi haijawahi kuisikia. Inajua namba inayoingia kupitia mlango wa analogi, ule unaoandikwa AI kwenye ubao wake. Mwenye duka mwaminifu mwenye mizani mbovu atampunja kila mteja kwa uaminifu uleule, na huwezi kumponya kwa kumfundisha hesabu.

Sifuri iliyo hai

Kabla umeme haujashika kazi ya kubeba vipimo viwandani, ishara zilisafiri kwa hewa. Mabomba membamba yalibeba hewa iliyoshindiliwa kutoka kwenye kipimo hadi chumba cha waendeshaji, na kiwango kilichozoeleka Marekani kilikuwa psi 3 hadi psi 15. Psi 3 maana yake sifuri ya kipimo. Psi 15 maana yake mwisho wake. Ni nani angeanza kuhesabu kwenye tatu? Mtu aliyewahi kupasukiwa na bomba. Bomba likitoboka hewa huanguka hadi sifuri kabisa, chini ya tatu, na mwendeshaji anajua papo hapo kwamba hilo si tangi tupu, ni bomba bovu.

Umeme ulipochukua nafasi ya hewa, uwiano wa moja kwa tano ulibaki: miliampea 4 chini, miliampea 20 juu. Mkondo ulipendwa kuliko volti kwa sababu ya urefu wa waya. Ukituma volti 10 kwenye waya mrefu, sehemu ya volti inaweza kupotelea njiani, na tofauti ya ethi kati ya jengo moja na jingine inaweza kuongeza yake. Mkondo hauna tabia hiyo: unaoingia upande mmoja wa mzunguko ndio unaotoka upande wa pili, hata waya uwe mita mia mbili, almradi umeme unaoulisha una nguvu ya kutosha kuusukuma.

Miliampea nne za kwanza hazibebi kipimo chochote. Zina kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni kukilisha kihisi chenyewe: kihisi cha nyaya mbili hakina waya wa tatu wa umeme, kwa hiyo vifaa vyake vya ndani vinaishi kwa mkondo huohuo vinaoudhibiti, na lazima vitosheke na chini ya miliampea nne. Ya pili ni kushuhudia uhai wa waya. Penye 4 mA pana kihisi kizima kinachosema "hakuna presha." Penye 0 mA hapana kihisi.

Sasa rudi kwenye jengo letu. Kihisi chake ni cha bar 0 hadi 16, na ishara yake ni 4 hadi 20 mA. Ni bahati nzuri kwa anayejifunza, maana miliampea 16 zimegawanywa kwa bar 16: kila miliampea moja juu ya nne ni bar moja. Bar 6 ni 10 mA. Bar 3 ni 7 mA.

Aliyeifunga inveta aliuacha mlango wa analogi ukisoma 0 hadi 20 mA badala ya 4 hadi 20. Kwa inveta hiyo, bar 16 zimetandazwa juu ya miliampea 20 nzima, na bar 6 ni asilimia 37.5 ya 20, yaani 7.5 mA. PID ikafanya kazi yake vizuri kabisa: ikapunguza kasi ya mota hadi ishara ikatua kwenye 7.5 mA, ikatulia hapo. Lakini 7.5 mA za kihisi kile ni bar 3.5. Sindano ya geji haikukosea.

Bar moja ya presha inanyanyua maji kama mita kumi. Ghorofa kumi za mita tatu tatu ni mita 30, yaani bar 3 zinaishia kwenye kupanda tu. Bar 3.5 zikitoka chini, juu inabaki nusu bar, na hiyo nusu inaliwa na viwiko vya bomba na mita ya maji kabla haijafika bafuni.

Kosa hili lina alama yake, na ukiijua huhitaji dakika tano kulibaini. Uongo wake unapungua presha inavyopanda. Kwenye 20 mA, pande zote mbili zinakubaliana kwamba ni bar 16. Kwenye bar sifuri, inveta inaona 4 mA na kuziita bar 3.2. Kwa hiyo simamisha pampu, funga valvu ya kwenda ghorofani, fungulia maji ya kipande kile cha bomba yaishe, kisha soma kioo. Bomba tupu linaloonyesha bar 3.2 limekwisha kueleza kila kitu. Kinachonishangaza ni jinsi kipimo hiki cha bure kinavyorukwa na watu waliobeba kompyuta mpakato.

Namna ya kuandika marekebisho inategemea mtengenezaji. Kwenye ABB ACS550 mwanzo wa ishara unaandikwa kama asilimia, na 4 kati ya 20 ni asilimia 20. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuandika 4 wakidhani ni miliampea. Kwenye Danfoss VLT unaandika 4.00 na 20.00 mA moja kwa moja, halafu mahali pengine unaandika namba hizo zina maana gani kwa bar. Inveta nyingi za bei nafuu hazijui bar kabisa. Zinafanya kazi kwa asilimia, na ni juu yako kujua kwamba bar 6 za kihisi cha 16 ni 37.5. Andika 60 kwa mazoea na mabomba yatakuletea habari.

Swichi, waya na ukimya

Kabla ya namba hizo zote kuna swichi. Mlango mmoja wa analogi mara nyingi unaweza kupokea volti au mkondo, na chaguo linafanywa na swichi ndogo kwenye ubao, ambayo kwa baadhi ya inveta imejificha nyuma ya kibodi. Upande wa mkondo, mlango unaweka ukinzani mdogo, ohm mia moja au mia mbili hivi, ili mkondo upite. Upande wa volti ukinzani ni mkubwa mno, makumi au mamia ya maelfu ya ohm.

Kihisi cha mkondo kikiunganishwa kwenye mlango ulioachwa upande wa volti, mkondo hauna pa kupita. Kihisi kinasukuma, volti inapanda hadi mwisho wa kipimo, na inveta inaona presha imejaa pomoni. Pampu inashuka hadi kasi ya chini na kukaa hapo huku bomba likiwa kavu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kihisi cha volti 0 hadi 10 kikikutana na ohm mia moja kinaambiwa kitoe hadi miliampea mia moja, ambazo hakikutengenezwa kuzitoa. Kwa hiyo swichi kwanza, umeme ukiwa umezimwa, kisha menyu. Kwenye baadhi ya inveta kuna pia parameta inayotakiwa kukubaliana na swichi, na zisipokubaliana hakuna atakayekwambia.

Kuunganisha kihisi cha nyaya mbili nako kuna mtego wake. Volti 24 zinatoka kwenye inveta, zinaingia upande wa chanya wa kihisi, zinatokea upande wa hasi na kuingia kwenye mlango wa analogi. Hapo fundi anafunga mfuniko. Lakini mkondo lazima urudi ulikotoka, na kwenye inveta nyingi sifuri ya analogi na sifuri ya volti 24 ni skrubu mbili tofauti zisizounganishwa ndani. Bila kipande kifupi cha waya kati yake, mzunguko haujafungwa, kihisi hakipati umeme, na kioo kinasoma sifuri. Vihisi vizima hurudishwa dukani kwa sababu ya sentimita tano za waya.

Ukitaka uhakika, ondoa waya mmoja na uweke mita mfululizo, ikiwa kwenye miliampea. Bomba tupu, 4 mA. Presha ya kazi, kile ulichokokotoa. Mwenye kifaa cha kutengeneza mkondo anafanya vizuri zaidi: anakitoa kihisi, anaingiza 4, kisha 12, kisha 20, na kusoma kioo. Kwa kihisi chetu majibu ni 0, 8 na 16. Yakija hivyo, mlango wa analogi umesetiwa sawasawa na unaweza kuacha kuufikiria.

Kihisi chenyewe sharti kiwe kilekile ulichokiandikia namba. Siku kikifa na duka likawa na cha bar 10 tu, fundi atakifunga, nyuzi zitaingia, plagi itaingia, na inveta itaendelea kuamini ni cha 16. Kiwango lengwa cha bar 6 kitakuwa bar 3.75 za kweli. Malalamiko yatakuja, lakini hakuna kitakachovunjika. Geuza hadithi: cha 10 kimetolewa, cha 16 kimewekwa, inveta bado inaamini ni cha 10. Bar 6 ni asilimia 60, na asilimia 60 ya kihisi kipya ni bar 9.6. Pampu ikiwa na uwezo wa kufika huko itafika, na vitakavyopasuka ni vile vilivyo chini, kwenye nyumba za watu wasiojua kuna kihisi kimebadilishwa.

Linalofuata ndilo ningeomba lisirukwe hata kama mengine yote yatarukwa. Waya wa kihisi ukikatika, mkondo unakuwa sifuri. Kwa PID isiyojua kitu, sifuri maana yake hakuna presha, na dawa ya kukosa presha ni kasi. Inapandisha mota hadi hezi 50, haioni mabadiliko, inabaki huko. Panya mmoja kwenye chumba cha pampu anaweza kuitoa pampu yako nje ya mpango wote huu. Hapa ndipo miliampea nne zinapolipa deni: ishara ikishuka chini ya kiwango fulani inveta inajua kwamba hilo si bomba tupu. Vihisi vinavyofuata pendekezo la NAMUR NE 43 vinakwenda mbali zaidi, kwa makusudi vinatoa 3.6 mA au pungufu, ama 21 mA au zaidi, vikijigundua vibovu.

Lakini kujua si kutenda. Inveta inahitaji kuambiwa ifanye nini: isimame na kutoa kengele, iendelee na kasi ya mwisho, au ihamie kasi maalumu uliyoichagua. Kwenye ACS550 na kwenye VLT, ulinzi huu unatoka kiwandani ukiwa umezimwa. Sina ugomvi na watengenezaji, kwa kuwa hawajui mota yako inazungusha nini. Wewe unajua. Kwa pampu ya jengo mimi huchagua kusimama na kengele, kwa sababu jengo lisilo na maji kwa saa moja ni kero, na bomba lililopasuka ndani ya dari ni hasara. Kwa feni inayopoza mtambo wa moto jibu linaweza kuwa kinyume kabisa: bora izunguke kwa nguvu zote bila kipimo kuliko isimame. Na ikiwa mlango wako umesetiwa kuanzia 0 mA, ulinzi wote huu haupo, kwa sababu sifuri yako imekwisha kuwa kipimo.

Kuhusu kelele za umeme nitasema machache. Inveta hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kebo ya mota inatangaza jambo hilo kwa kila waya uliolala kando yake. Kebo ya kihisi iwe ya nyaya zilizosokotwa zenye wavu wa chuma, wavu huo ufungwe ethi upande wa inveta, na kebo isilale trei moja na ya mota. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Namba inayotetemeka kwenye kioo hushawishi watu kuongeza muda wa kuchuja ishara, nusu sekunde, kisha sekunde mbili, kisha tano, mpaka itulie. Itatulia, ndiyo. Ila sasa PID inaongoza pampu kwa habari za sekunde tano zilizopita, na kidhibiti kinachopokea habari zilizochelewa huanza kuyumba. Kelele huondolewa kwenye kebo; kichujio ni cha kumalizia tu.

Sasa unaweza kugusa P na I

Uelekeo kwanza. Pampu ya kupandisha maji inaongeza kasi presha inaposhuka. Feni ya mnara wa kupozea maji inaongeza kasi joto linapopanda, na pampu inayokausha shimo inaongeza kasi kina kinapopanda. Hizo mbili za mwisho zinahitaji PID iliyogeuzwa. Ukikosea, mota itakimbilia mwisho mmoja na kugoma kutoka huko. Hilo si suala la P.

Kisha jua namba yako ina maana gani. Kwenye ABB na Danfoss P kubwa maana yake ni kujibu kwa nguvu zaidi. Kwenye inveta za Mitsubishi zinazotumia upana wa uwiano, namba kubwa maana yake ni kujibu kwa upole zaidi. Fundi aliyehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila kujua hilo ataongeza dawa akidhani anapunguza.

Njia ya mkono inayofaa kwa pampu ni hii. Anza na P ndogo na muda wa I mrefu, kama sekunde 20. Fungua na kufunga bomba moja kubwa ili kuisumbua presha, na upandishe P taratibu mpaka presha ianze kuyumba bila kutulia. Irudishe hadi karibu nusu ya hapo. Halafu punguza muda wa I mpaka kuyumba kuanze tena, kisha urefushe kidogo kupita kiwango hicho. Angalia pia muda wa inveta wa kupandisha kasi: ukiwa sekunde 30, PID inaagiza na mota inafika imechelewa, na wakati huo I inaendelea kurundika madai. Kuyumba kwingi kunakolaumiwa PID kunatoka kwenye muda huo.

Limebaki suala la usiku, ambalo ndilo linalokula umeme kimyakimya. Faida kubwa ya inveta kwenye pampu ni kwamba nguvu inayohitajika inafuata kipeo cha tatu cha kasi: kasi ya asilimia 80 inahitaji, kinadharia, kama asilimia 51 ya nguvu. Saa nane usiku hakuna anayefungua bomba, na pampu inapaswa kulala. Kwa hiyo inveta inaambiwa: kasi ikishuka chini ya hezi 30 kwa dakika moja, simama, presha ikipungua nusu bar, amka. Namba ya 30 inaonekana ya busara, na pampu hailali hata usiku mmoja.

Sababu iko kwenye kanuni nyingine ya pampu: presha inafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Tuseme pampu yetu, valvu zote zikiwa zimefungwa, inatoa bar 8 kwenye hezi 50. Ili kushika bar 6 bila tone moja kutoka inahitaji mzizi wa pili wa sita gawanya kwa nane, yaani kama 0.866 ya kasi. Hiyo ni hezi 43.3. PID haitashuka chini ya hapo kamwe, maana ikishuka presha itapungua chini ya bar 6 na ni wajibu wake kuirudisha. Kiwango cha kulala lazima kiwe juu kidogo ya 43.3, tuseme 44. Hakuna mwongozo utakaokupa namba hiyo, kwa sababu inatoka kwenye pampu yako na kiwango lengwa chako. Unaipata kwa kufunga valvu ya kutokea kwa muda mfupi, pampu ikiwa chini ya PID, na kusoma hezi kwenye kioo. Usiiache hivyo muda mrefu. Maji yasiyotoka yanapata moto ndani ya pampu.

Kulala kunategemea pia kihisi kimefungwa wapi. Kiwe mbele ya valvu inayozuia maji kurudi, upande wa jengo. Kikiwa nyuma yake, upande wa pampu, presha inaanguka kwenye kihisi mara tu pampu inaposimama, inveta inadhani jengo zima limefungua maji, na pampu inaamka baada ya sekunde chache ili ilale tena. Tangi dogo la presha lenye puto ndani linasaidia kuziba mivujo midogo ya vyoo ili isiiamshe pampu kila mara, ila halirekebishi kihisi kilichokaa mahali pabaya.

Ukimaliza, chukua kalamu isiyofutika na uandike ndani ya mlango wa paneli: kihisi bar 0 hadi 16, 4 hadi 20 mA, swichi upande wa mkondo, bar 6 ni 10 mA, waya ukikatika pampu inasimama, kulala chini ya hezi 44. Usiiache orodha hiyo kwenye simu yako peke yake. Siku kihisi kitakapokufa huenda ukawa mkoa mwingine, na atakayefungua mlango ule atakuwa na kihisi cha bar 10 mkononi.